Radi, Saa na Chumvi: Nani Atavitunza Vituo vya Pwani?

Tangu setilaiti ya kizazi cha tatu cha Meteosat, mfululizo wa setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, iliporushwa tarehe 13 Desemba 2022 ikiwa na kamera maalumu ya kuitazama radi, kuna hoja ambayo nimeisikia zaidi ya mara moja katika mazungumzo ya watu wanaofuatilia mambo ya hali ya hewa hapa Mombasa: kwamba zama za vituo vya ardhini vya kunasa radi zimepita, kwa kuwa sasa Afrika nzima inatazamwa kutoka juu usiku na mchana, na hakuna tena haja ya kuhangaika na antena, nyaya na betri juu ya mapaa ya watu. Ni hoja yenye mvuto, hasa kwa yule anayepanga bajeti. Mimi naipinga, lakini haki yake nitaipa kwanza.

Kamera hiyo imekaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwenye longitudo sifuri, na huchukua picha 1,000 kila sekunde katika ukanda mwembamba wa mwanga, ule wa nanomita 777.4 unaotolewa na oksijeni inapounguzwa na radi. Haichagui bahari wala nchi kavu, wala haihitaji ruhusa ya kupanda paa la mtu. Ni setilaiti pia, zile za Marekani, zilizotuonyesha kwamba radi moja inaweza kutambaa kilomita 829, kama ile ya tarehe 22 Oktoba 2017 iliyoidhinishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 2025. Hakuna mtandao wa ardhini wa kuchora radi ambao ungeweza kuibeba radi ya namna hiyo peke yake. Hata hivyo, kinachoonekana na kamera ni mwanga uliofanikiwa kutoka juu ya wingu. Mwanga wa radi iliyozaliwa chini, ndani ya tumbo la wingu nene, hupita katika matone na chembe za barafu zisizo na idadi, ukatawanyika, na unapofika juu huwa ni doa lililofifia ambalo mchana hupotea kwa urahisi katika mng'ao wa jua juu ya mawingu. Kitone kimoja cha picha hiyo kina upana wa kilomita 4.5 mahali palipo chini ya setilaiti moja kwa moja, na kadiri unavyosogea mashariki kuelekea kwetu kitone kinazidi kutanuka. Kwa ukubwa wa eneo, kisiwa chote cha Mombasa kinaenea ndani ya kitone kimoja na nafasi ikabaki. Tena kamera haiwezi kukwambia kama radi iliteremka hadi bandarini Kilindini au iliishia mawinguni.

Tofauti hiyo ya mwisho si ndogo, na lugha yetu yenyewe inaijua. Mtu wa Pwani husema umeme umemulika, lakini husema radi imepiga. Umeme humulika mawinguni, na radi hupiga mnazi, nyumba au mtu. Katika makala haya nitasema radi ya mawinguni na radi ya ardhini, kwa sababu mtaalamu anazihitaji zote mbili, na anahitaji kuzitenganisha.

Kituo cha ardhini husikiliza mawimbi ya redio. Kila radi, tangu inapoanza kutambaa hadi inapozimika, hutoa mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja, na aliyewahi kusikiliza redio ya masafa ya kati wakati wa masika anaijua sauti yake: ile mikwaruzo inayoikata taarifa ya habari kabla hata ngurumo haijafika. Mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani mita 300 katika kila mikrosekunde, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vituo kadhaa vikiandika wakati kamili ambapo mpigo uleule ulivifikia, tofauti za nyakati hizo zinatosha kukokotoa mpigo ulitoka wapi. Mambo yasiyojulikana ni manne, latitudo, longitudo, kimo na wakati, kwa hiyo vituo vinne ndicho kiwango cha chini kabisa, na kwa kazi ya kuaminika huhitajika sita au zaidi ili hesabu ipate namna ya kujikagua. Saa ya kituo kimoja ikikosea kwa mikrosekunde moja tu, radi iliyopiga Ganjoni inaweza kusogezwa mita 300 kando, na hakuna jicho la mwanadamu litakalogundua kosa hilo kwa kuitazama ramani.

Mfumo uliokifikisha kipimo hiki mbali zaidi ulibuniwa katika chuo cha New Mexico Tech, Socorro, Marekani, na ulipelekwa Oklahoma mwezi Juni 1998. Vipokezi vyake husikiliza megahezi 60 hadi 66, masafa ambayo huko yalikuwa ya chaneli ya 3 ya televisheni. Katika kila kipindi cha mikrosekunde 80 kituo huandika kilele cha mpigo wenye nguvu kuliko yote pamoja na wakati wake, kwa usahihi wa nanosekunde 40 hadi 50 unaopatikana kwa saa za GPS, na vituo hutenganishwa kwa kilomita 15 hadi 20. Radi moja haiishii kuwa nukta moja kwenye ramani. Hugeuka mamia, wakati mwingine maelfu ya nukta zinazochora kila tawi lake ndani ya wingu, kwa kosa la mita 6 hadi 12 kwa upana na mita 20 hadi 30 kwa kimo, mradi iwe imepita juu ya mtandao wenyewe. Ni mtandao wa Oklahoma wa aina hii ulioinasa, tarehe 20 Juni 2007, radi yenye urefu wa kilomita 321, umbali unaouzidi ule wa Mombasa na Lamu kwa mstari ulionyooka. Mitandao kama huo imejengwa pia kaskazini mwa Alabama, Colorado, Houston, Catalonia na kisiwani Corsica.

Mtabiri ana sababu nzuri ya kuitaka picha hiyo. Chaji za umeme ndani ya wingu hutengana pale chembe za barafu zinapogongana na punje laini za mvua ya mawe, katika tabaka lenye baridi ya kama nyuzi 10 hadi 25 chini ya sifuri, na kinachozidisha migongano hiyo ni nguvu ya hewa inayopanda. Kwa hiyo idadi ya mimweko kwa dakika ni kama mapigo ya moyo wa wingu. Mwaka 2009 Christopher Schultz na wenzake walichapisha njia ya kuyasoma mapigo hayo: kasi ya mimweko ikiruka ghafla kuupita mwenendo wake wa dakika chache zilizotangulia kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili, yaani zaidi ya mara mbili ya kupanda na kushuka kwake kwa kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba wingu linakaribia kushusha mvua ya mawe au upepo wa uharibifu. Nafasi inayopatikana huhesabiwa kwa dakika, mara nyingi kumi na zaidi. Na mruko huo huonekana vizuri zaidi radi za mawinguni zinapohesabiwa pia, kwa sababu ndizo nyingi. Kwa wastani ni kama tatu kwa kila moja ya ardhini.

Dakika kumi zina thamani gani Mombasa? Mpakuzi wa kontena aliye chini ya winchi Kilindini anaweza kuondoka uwanjani na kuingia ndani. Wanaojaza ndege mafuta wanaweza kufunga mabomba. Mvuvi aliye ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa Nyali, anaweza kufika ufukweni kama injini yake inakubali, ingawa aliye nje ya mwamba hawezi, na ni vyema tusimdanganye. Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ni mgema. Huko Rabai na Kaloleni mgema hupanda mnazi alfajiri na jioni, mnazi baada ya mnazi, naye akiwa kileleni ndiye kitu kirefu kuliko vyote katika shamba zima. Hana haja ya ramani ya matawi ya radi. Anahitaji mtu aliyeitazama ramani hiyo ampigie simu kabla hajaanza kupanda mti unaofuata.

Kuna mpaka ambao watetezi wa mitandao hii mara nyingi hawautaji. Njia ya mruko wa radi ilijengwa kwa mawingu ya Marekani, marefu na yenye barafu tele. Sehemu kubwa ya mvua inayoifurisha Mombasa mwezi Mei huja na pepo za kusi kutoka baharini, katika mawingu ambayo hutengeneza matone yake chini ya tabaka la barafu na kumwaga mvua ya kutwa nzima bila kumulika hata mara moja. Mtandao wa radi hautatoa onyo juu ya mvua hiyo. Anayetaka kuonya juu ya mafuriko ya Kisauni au Likoni anahitaji rada na vipimamvua, na anayemuuzia mtambo wa radi kwa kazi hiyo anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Radi zetu za Pwani zina nyakati zake, hasa mwezi Machi na Aprili pepo zinapobadilika, na tena mwezi Oktoba na Novemba: mchana huzaliwa bara, upepo wa bahari unapokutana na joto la nchi kavu, na usiku huelekea kuzaliwa baharini, upepo wa umande unapovuma kutoka nchi kavu. Mtandao uhukumiwe kwa hizo.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulikalia, nalo ni mahali ilipo Mombasa. Tuseme tumepewa kesho vipokezi vinane vya kuchora radi kwa masafa ya juu. Tungeviweka wapi? Kwale mjini, juu ya vilima vya Shimba, hapana budi. Mazeras, Mariakani, Kaloleni, Mtwapa, Diani, na viwili ndani ya mji. Ukiitazama ramani utaona kwamba vyote viko upande mmoja, kwa sababu upande wa pili ni maji. Mtandao wa aina hii hupima vyema kilicho katikati yake; kilicho nje hupimwa kwa kosa linalokua kwa mraba wa umbali katika mstari wa kwenda mbali, ndiyo maana radi iliyo kilomita 100 baharini itajulikana vizuri iko upande gani na vibaya iko umbali gani. Bahari ina hisani moja tu, kwamba haina mlima wa kuziba: kinachoficha ni mviringo wa dunia, ambao kwa umbali wa kilomita 200 huzika kama kilomita 3 za chini. Usahihi wa mita 10 unaosifiwa katika vitabu hauwezi kuwa wetu kwa dhoruba za baharini, hata tukinunua mitambo iliyo bora kuliko yote.

Masafa ya chini sana hubadilisha hesabu hiyo. Mawimbi ya kilohezi chache husafiri maelfu ya kilomita yakidunda kati ya ardhi na ayonosfia, lile tabaka la juu la angahewa lenye chembe zenye chaji za umeme, na mitandao inayoyatumia hufanya kazi kwa vituo vilivyo mbalimbali sana. Mtandao wa dunia unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Washington hutaka angalau vituo vitano vikubaliane juu ya radi moja, na vituo hivyo vinaweza kuwa katika mabara tofauti. Mtandao wa kujitolea wa Blitzortung, ulioanzia Ujerumani, umejengwa kwa vifaa ambavyo watu huviunga wenyewe nyumbani. Mitandao hii haichori matawi, nayo husikia zaidi radi kali. Lakini hujua mahali, na hujua kwa bei ndogo. Kwa mitandao hii ukingo ni mali. Radi iliyopiga Kisumu, kama kilomita 700 kutoka hapa, hufika Mombasa baada ya milisekunde 2.3 hivi, na ukisogea mashariki kutoka hapa hakuna ardhi ya kuweka kituo hadi Ushelisheli. Kituo kimoja cha Mombasa kinachofanya kazi sawasawa hufunga upande ambao vituo vitatu vya ziada huko bara haviwezi kuufunga. Nina hakika kwamba huu ndio mchango ambao Pwani inaweza kuutoa, na kwamba ugumu wake hauko katika kununua.

Nimekitunza kituo kidogo cha aina hii kwa muda, juu ya paa la nyumba ya ghorofa mbili huku Kisauni. Katika msimu mmoja wa vuli kilianza kuniletea tabu ya ajabu: mchana kilisikia radi vizuri, lakini kila jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, kilizibwa na kelele na hakikusikia kitu hadi alfajiri. Nilijiridhisha kwa maelezo ya kisomi. Ayonosfia hupanda jua linapotua, kutoka kama kilomita 70 hadi karibu 90, na mawimbi ya masafa ya chini hubadilika kwelikweli wakati huo. Niliandika hata maelezo marefu kwa wenzangu kueleza hivyo. Wiki ya tatu, stima zilipotea mtaa mzima usiku wa saa tatu. Kituo, kilichokuwa kwenye betri, kikatulia papo hapo, na katika muda wa dakika moja kikaanza kuandika radi za upande wa Taru. Stima ziliporudi, kelele ikarudi nazo. Kesho yake nilizunguka na redio ndogo ya betri mkononi, sindano ikiwa chini kabisa ya masafa ya kati, nikaufuata mlio hadi kwenye duka la jirani, lililokuwa limefungwa taa mpya tatu za LED za bei nafuu juu ya mlango. Zilikuwa zikiwashwa kila siku wakati wa Magharibi.

Mwenye duka, mzee wa makamo, alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Mwanangu, taa yangu na radi wapi na wapi?" Nikamwomba azizime kidogo huku nimeshika redio mbele yake. Alipozizima mlio ukakatika. Akaziwasha, akazizima, akaziwasha tena, na mara ya nne akamwita mkewe aje asikie. Tulizibadilisha taa hizo kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo kila fundi anayekuja kufunga kitu dukani kwake huulizwa kwanza kama hakitaudhi kituo.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kipokezi cha kuchora radi huwekewa kizingiti, yaani kiwango cha nguvu ambacho mpigo lazima ukivuke ndipo uandikwe, nacho hupanda na kushuka kulingana na kelele za mahali. Kelele zikipanda kizingiti hupanda, mipigo midogo hupotea, na mtandao huendelea kutoa ramani nzuri zenye radi chache kuliko zilizopo. Hakuna kinachozimika, hakuna taa nyekundu inayowaka. Mtafiti anayekuja miaka mitano baadaye kuuliza kama radi za Pwani zinaongezeka au zinapungua atakuwa anapima taa za madukani. Ndiyo maana kila kituo kinahitaji daftari lake la kelele, la saa kwa saa, na mtu anayelisoma.

Halafu kuna chumvi. Kiungo cha waya wa antena kilichofungwa Nairobi kinaweza kukaa miaka. Kilichofungwa mita 800 kutoka ufukweni, wakati wa kusi, huota kutu ya kijani katika msimu mmoja usipokizungushia utepe wa mpira na kukipaka grisi. Kutu hiyo haikati waya. Hudhoofisha mawimbi kidogo kidogo, na mvua inaponyesha maji huingia na kudhoofisha zaidi, yaani kituo huwa kiziwi saa ileile ya dhoruba. Paneli ya sola hufunikwa na vumbi na kinyesi cha kunguru, ambao Mombasa hatuna upungufu wao. Betri huchoka kwa joto. Na paneli iliyo mahali pasipo na mlinzi huondoka, kwa hiyo paa la shule au la msikiti, penye watu wanaojua ni ya nini, ni bora kuliko kilima kizuri kisicho na mtu.

Data nayo ina gharama yake. Mfumo wa mikrosekunde 80 huweza kuandika hadi mipigo 12,500 kwa sekunde katika kila kituo, na hakuna modemu ya simu inayoweza kuibeba yote wakati wa dhoruba. Wenye mitandao hii hupunguza: hutuma papo hapo mpigo mmoja kwa kila mikrosekunde 400 kwa ajili ya mtabiri, na kilichobaki hukaa katika diski ya kituo hadi mtu aende kukichukua. Mtabiri na mtafiti hula katika sahani mbili tofauti. Mipango niliyoiona ikiandikwa huihesabu sahani ya kwanza tu, na ile ya pili, ambayo ndiyo inayozaa tasnifu na masahihisho, huachiwa nia njema ya fundi mwenye pikipiki.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusianzie Ziwa Viktoria, ambako radi ni nyingi zaidi na wavuvi hukutwa na dhoruba za usiku kila msimu. Nakubaliana naye. Vipimo vya setilaiti ya TRMM vya miaka 16, vilivyochapishwa na Rachel Albrecht na wenzake mwaka 2016, viliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Na Afrika ndilo bara lenye maeneo mengi zaidi katika orodha hiyo. Mwezi Juni 2011 radi moja iliyopiga shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, iliwaua watoto 18. Kama Kenya itanunua mtandao mmoja tu wa kuchora radi kwa masafa ya juu, uende ziwani, na vituo vyake viizunguke Ghuba ya Winam ambako ardhi iko pande nyingi. Lakini radi za ziwa husikika Mombasa kwa masafa ya chini, na kituo cha Mombasa kitaisaidia ramani ya ziwa kuwa sahihi zaidi. Mtu wa Kisumu na mtu wa Mombasa hawashindanii kitu kimoja hapa.

Ninachopendekeza kwa Pwani ni kidogo na ni cha muda mrefu. Vituo vitatu vya masafa ya chini, Mombasa, Lamu na Voi, chini ya usimamizi wa vyuo vilivyoko hapa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, data yake ikienda bila malipo kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kwa mitandao ya dunia, na nakala kamili ikibaki chuoni. Data ya setilaiti itumike kando yake kila siku, ili kila kimoja kimkague mwenzake: radi iliyosikika na haikuonekana, na radi iliyoonekana na haikusikika, zote mbili ni somo kwa mwanafunzi. Na kabla ya kipokezi cha kwanza kuagizwa, ziwekwe fedha za matunzo ya miaka kumi katika fungu lisiloweza kuhamishwa. Pwani hii imekwisha kuona sayansi kubwa ikifika na kuondoka. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na uchambuzi wa data yake ulifanyika ng'ambo. Vituo vitatu vya radi ni vitu vidogo mno mbele ya roketi, lakini vinaweza kubaki mikononi mwa watu wa hapa tangu kiungo cha waya hadi ukurasa wa mwisho wa tasnifu.

Fungu hilo la matunzo litalipa nini? Fundi mmoja wa kudumu na msaidizi wake. Nauli ya kwenda Lamu mara nne kwa mwaka. Betri mpya kila mwaka wa tatu. Viungo vya shaba vilivyofunikwa vizuri, vya kubadilishwa kila mwezi wa Februari kabla ya masika na kila mwezi wa Septemba kabla ya vuli, viwe vimeota kutu au havijaota. Redio ndogo ya betri kwa kila kituo, ya kutafutia kelele. Na mshahara wa mtu wa kuisoma ile grafu ya kelele kila asubuhi, akiitafuta saa ambayo mstari ulipanda jana na haukuwa umepanda juzi, kisha ashuke ngazi aende kubisha hodi kwa majirani.